Faida ya kuhudhuria siku ya wazi mtandaoni

Ndugu, umeuliza kama kuna faida ya kuhudhuria siku ya wazi ya mtandaoni ya chuo kikuu cha Uingereza (siku ambayo chuo hujitambulisha na kujibu maswali ya wanaotaka kujiunga) kabla ya kuomba shahada ya uzamili, ilhali maelezo yote yamo kwenye tovuti. Faida ipo, na ni kubwa, mradi uingie ukiwa umekwisha kuisoma tovuti hiyo.

Kwa kuwa uzamili wa kule kwa kawaida humalizika ndani ya miezi 12, na tasnifu huandikwa zaidi wakati wa kiangazi, mwanafunzi hana muda wa kurekebisha uchaguzi mbaya. Kwa hiyo usihangaike na hotuba ya kukaribisha wageni. Nenda moja kwa moja kwenye kikao cha idara yako, umuulize mhadhiri ni nani atakayesimamia tasnifu yako, ni kozi zipi za hiari zitakazofundishwa kweli mwaka huo, na wahitimu waliotoka Afrika Mashariki wanafanya kazi gani sasa. Majibu ya namna hiyo ni nadra kuandikwa popote. Yatakufaa pia ukiomba ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao humtaka mwombaji ataje kozi tatu na aeleze sababu za kuzichagua.

Angalia saa vizuri: Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya joto, hivyo kikao cha saa nane mchana London mwezi Novemba kwetu ni saa kumi na moja jioni.