Mizimu ya makasri: maswali yenu matano

Maswali yamekuja mengi, nimechukua haya matano. Niseme tu mapema kwamba mi nikisoma hizi stori namtafuta marehemu kwanza, alikuwa nani na alifanywa nini, kuogopa kutakuja kwenyewe.

Kwanini kila kasri la Ulaya lazima liwe na mzimu wa mwanamke, mara gauni jeupe mara la kijivu?

Si kila moja jamani, ila ni mengi kweli, na ukifuatilia mara nyingi unakuta chini yake kuna mwanamke aliyeonewa. Chukua kasri la Glamis, Uskoti. Yule wa gauni la kijivu wanasema ni Janet Douglas, aliyekuwa mke wa bwana wa Glamis. Kaka yake Archibald alimuoa mama wa mfalme James wa Tano, akamshikilia huyo mfalme akiwa bado mtoto kama mfungwa vile, sasa mfalme alipoponyoka akawachukia akina Douglas wote, hata dada mtu aliyekuwa ameshaolewa zamani huko. Janet akashtakiwa eti kapanga kumpa mfalme sumu. Ushahidi ulipatikanaje? Kwa kuwatesa watu wake mpaka waseme. Tarehe 17 Julai 1537 akachomwa moto akiwa hai pale Edinburgh kwenye kilima cha ngome, mwanae akatupwa jela na kasri mfalme akalichukua, kijana alikuja kutoka baada ya mfalme kufa 1542 ndo akarudishiwa mali zao. Kwenye kanisa dogo la hilo kasri kuna kiti kimoja hakikaliwi na mtu, wenyeji wanasema ni cha Janet, na wapo wanaosema wamemuona kapiga magoti anasali. Mimi hicho kiti kinaniuma kuliko mzimu wenyewe.

Eti Anne Boleyn anazunguka Mnara wa London kichwa kakibana kwapani?

Ndivyo wanavyosimulia. Kilichotokea kweli ni kwamba mfalme wa Uingereza, Henry wa Nane, alimkata kichwa mkewe huyu tarehe 19 Mei 1536, kwa upanga, mkataji akaagizwa kutoka Calais ng'ambo ya bahari, yaani hilo walilipanga vizuri kabisa lakini jeneza hakuna aliyelikumbuka! Wakamlaza kwenye sanduku la mishale wakamzika kwenye kanisa la humo humo ndani. Malkia wa nchi, sanduku la mishale. Hapo hata mimi ningezunguka.

Kasri la Bran kule Romania ndo kwa Dracula kweli?

Hapana. Dracula, yule mnyonya damu, ni wa kwenye riwaya, na yule mtawala Vlad wanayemhusisha naye hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuishi pale.

Niliingia jengo moja la kale nikapigwa na baridi ghafla, nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Ni mzimu au akili yangu?

Ulichohisi ulikihisi, asikwambie mtu umedanganya. Kuna mhandisi Mwingereza, Vic Tandy, usiku mmoja yuko peke yake maabara, jasho la baridi likamtoka, nywele zikamsimama, akaona kitu cha kijivu pembeni ya jicho, kugeuka hamna kitu. Kesho yake akabana upanga wake mwembamba wa mashindano kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, autengeneze, upanga ukaanza kutikisika wenyewe! Kuchunguza akakuta ni feni mpya, ilikuwa inatoa mtetemo wa kama mara 19 kwa sekunde, sikio halisikii ila mwili unapokea, feni iliporekebishwa mambo yakaisha. Aliandika hayo 1998. Na mtafiti Richard Wiseman aliwapitisha watu kwenye kasri la Hampton Court na mahandaki ya Edinburgh, sehemu zenye sifa ya mizimu ndo watu walihisi vitu zaidi, hata wasiojua hizo sifa, akahusisha na vitu kama mwanga na ukubwa wa chumba. Mimi naamini majengo mengi ni hivyo, ingawa siwezi kuapa kwamba ni yote.

Hizi stori ni za Ulaya tu?

Wala. Nenda Himeji, Japani, ndani ya kasri kuna kisima kimewekewa vyuma juu, kisima cha Okiku. Visa vyake viko vingi, ila kwa kifupi alikuwa mtumishi anayetunza sahani kumi za thamani, mkubwa mmoja akamtaka akakataa, yule bwana akaficha sahani moja akamsingizia kaipoteza, wakamuua wakamtupa kisimani. Tangu hapo kila usiku inasikika sauti inahesabu, moja, mbili, tatu, polepole, ikifika tisa inaangua kilio. Kuna simulizi moja mi naipenda sana, mtu alienda akajificha karibu na kisima, sauti ikahesabu weee mpaka tisa, kabla haijalia yeye akapaza sauti, "Kumi!" Okiku hakulia tena.