Mume amerudi kutoka Kongo, analala sebuleni: je, nikahi yetu ipo?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mume wangu ni mwanajeshi. Tulioana, akakaa nami siku kumi na mbili tu, akapangiwa Kongo. Hata walima, karamu ya harusi, hatukufanya. Alikuwa Goma mji ulipotekwa Januari 2025. Tangu arudi huu ni mwezi wa tano, hajanigusa. Analala sebuleni kwenye mkeka, taa inawaka. Alfajiri moja nilimtikisa aamke kuswali, akanikaba shingo akiwa bado usingizini. Alipozinduka akalia, akaniomba niwe nalala chumbani na kufunga mlango. Ustadhi mmoja anasema miezi minne ikipita bila tendo la ndoa nikahi imevunjika. Mama mkwe anasema ni jini, na mganga ametaka mbuzi. Je, mimi bado ni mke? Na malaika wananilaani kwa kulala mbali naye?

JIBU: Waalaykumu salaam, binti yangu. Swali lako nililisoma baada ya Isha, na usingizi ulichelewa kunijia. Wewe ni mke wake, nikahi haina ufa, na huna dhambi yoyote kwa kulala chumbani.

Huyo ustadhi amechukua aya ya ilaa akaipachika pasipo pake. Al-Baqara, aya ya 226, inawahusu wanaoapa kutowakaribia wake zao. Mumeo ameapa lini? Anayelala mkekani kwa kuogopa asije akamuumiza mkewe hakumsusa. Na hata aliyeapa kweli, katika madhehebu ya Imamu Shafi tunayoyafuata wengi wetu huku, miezi minne ikiisha nikahi haivunjiki yenyewe: mke hupeleka shauri kwa kadhi, na mume hutakiwa arejee au aache. Mahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, ndio wanaosema talaka hupita muda ukiisha, nao wanasema hivyo kwa aliyeapa.

Najua pia wanaishika habari ya Khalifa wetu Sayyidna Umar, aliyemsikia usiku mwanamke akiimba upweke wake, mumewe yuko jihadi. Akamuuliza bintiye Hafsa mwanamke huvumilia muda gani, kisha akaamuru askari wasiwekwe mbali kupita muda huo. Amri ile iliwahusu makamanda. Wake wa waliokuwa wamekwisha kaa zaidi hawakuambiwa wamekuwa wajane wa talaka! Umar aliwahurumia wake wa askari, na leo habari yake inatumika kumtisha mke wa askari. Hili linaniuma.

Hadithi ya malaika kumlaani mke ni ya anayeitwa kitandani na mumewe akakataa bila udhuru. Wewe hujaitwa, mumeo mwenyewe ndiye aliyekuomba ufunge mlango. Naye hana dhambi kwa lile la shingo, kwani kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Lakini kuilinda shingo yako ni wajibu.

Ama jini, sikanushi kuwa majini yapo. Lakini mtu aliyetoka palipolia mabomu, akarudi anashtuka mlango ukibamizwa na kuota usiku yale aliyoyaona, ana kiwewe, nacho ni jeraha kama la risasi. Mtume (s.a.w.) amesema: “Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu.” Hakubagua maradhi ya mguu na ya moyo. Msomeeni Qur'ani, ni shifaa, na aende hospitali kwa daktari wa akili. Jeshi lina hospitali yake Lugalo, Dar es Salaam, na si yeye wa kwanza kufika huko na shida hii. Anayemwambia kwenda huko ni upungufu wa imani anamzuia mgonjwa dawa.

Nawe usimwamshe tena kwa kumshika. Simama mlangoni, mwite kwa jina lake, taratibu, mpaka akujibu. Usimdadisi nani alikufa na alikufaje. Akianza mwenyewe, sikiliza. Siku kumi na mbili si ndoa iliyozoeana, kwa hiyo msitafute kurudi mlikokuwa. Anzeni na kula sahani moja.

Jabir bin Abdillah alikuwa anarudi vitani na Mtume, akiharakisha ngamia wake kwa kuwa ameoa karibuni. Walipokaribia Madina Mtume akawazuia wasiingie kwa pupa, mpaka usiku uingie, ili mke mwenye nywele timtim azichane. Nikiisoma namfikiria mumeo: kuna anayerudi mbio, na kuna anayehitaji kusubiri kidogo nje ya mji. Wote wawili ni waume.

Ila akikupiga akiwa macho, hilo ni jambo lingine. Ondoka siku hiyohiyo uende kwa wazee wako, kisha kwa kadhi. Ugonjwa haumhalalishii.

Mwambie mama mkwe, kwa adabu, kwamba mbuzi asiende kwa mganga. Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima walau kwa mbuzi mmoja, na kwa Mashafi walima haipotei kwa kupita muda. Mchinjeni huyo. Waalikeni watu wachache, mchana, bila ngoma wala fataki, na mumeo akae mahali anapouona mlango.

Wallahu aalam.