Mary Cassatt hakuwa mchoraji wa mama na mtoto tu

Ndugu, umeuliza kama Mary Cassatt alichora lolote zaidi ya akina mama na watoto wao. Alifanya mengi, na kwangu mimi kazi yake bora kabisa ni zile chapa, yaani picha zinazochapwa karatasini kutoka bamba lililochorwa.

Alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1844, akahamia Paris kusomea uchoraji. Chuo kikuu cha sanaa cha serikali hakikupokea wanawake, basi akajifunza kwa mwalimu binafsi na kunakili picha za mabingwa katika jumba la Louvre. Mwaka 1877 mchoraji Mfaransa Edgar Degas akamwalika ajiunge na kundi la Waimpreshonisti, wachoraji waliotaka kunasa mwanga na maisha ya kila siku.

Mwaka 1890 aliona maonyesho makubwa ya chapa za Kijapani mjini Paris, yakamkaa moyoni. Mwaka uliofuata akatoa chapa 10 za rangi, kila moja nakala 25 hivi. Mistari aliikwangua mwenyewe kwenye mabamba ya shaba, na kila mara kabla ya kuchapa, rangi ilipakwa upya kwa mkono, kwa hiyo hakuna nakala mbili zinazolingana sawasawa. Itazame ile ya barua: mwanamke ameketi mezani, ameinamisha kichwa, analamba bahasha aifunge. Hakuna mtoto hapo!

Macho yalimharibikia, ikabidi aache kazi kwenye mwaka 1914. Alifariki Ufaransa mwaka 1926. Ukipata nafasi, anza na hizo chapa kabla ya michoro ya rangi za mafuta.