Ukifika Killarney, liache basi la watalii liondoke

Ukiuliza watu cha kufanya Killarney, kusini-magharibi mwa Ireland, karibu wote watakwambia uzunguke Ring of Kerry. Ni barabara ya kilomita 179 hivi. Mabasi huondoka asubuhi na kurudi jioni. Mimi ushauri wangu ni tofauti: kama una siku mbili tatu tu, achana na basi hilo. Utashinda kitini, ushushwe kidogo upige picha, upandishwe tena, wakati maziwa na milima iko mwisho wa mtaa unaolala.

Sitii chumvi. Toka nje ya kanisa kuu la Mtakatifu Maria, vuka barabara, umeshaingia Hifadhi ya Taifa ya Killarney. Ndiyo ya kwanza nchini humo. Ilianza na shamba la Muckross, ambalo wenyewe waliikabidhi serikali mwaka 1932, na leo ina zaidi ya hekta 10,000. Hakuna geti wala kiingilio. Sisi ambao tukisikia hifadhi tunawaza Land Cruiser na malipo ya dola, inachukua muda kuzoea kwamba unajiingilia tu kwa miguu na hakuna wa kukuuliza. Simba hakuna. Mkubwa wa huko ni kulungu mwekundu, ila ikifika Oktoba madume huwa wanagombania majike, kwa hiyo mtazame ukiwa mbali.

Kabla ya yote hayo, viza. Ireland haimo kwenye Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haikufikishi huko. Na ndugu zangu mnaoishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya, kibali chenu cha kukaa Uingereza nacho hakitoshi. Ombeni viza ya Ireland yenyewe, tena mapema. Ukishafika Dublin mambo ni mepesi: treni inaondoka kituo cha Heuston, mara nyingi unabadilisha treni kituo cha Mallow, na baada ya saa tatu na kitu unashuka Killarney mjini kabisa.

Siku ya kwanza kodi baiskeli. Elekea Muckross, uzunguke ziwa la katikati kati ya maziwa matatu ya hifadhi. Sehemu kubwa ya njia haina magari, ni wewe, wapita njia, na magari ya farasi. (Hayo ya farasi ukiyataka, patana bei kabla hujapanda.) Jumba la Muckross, la mwaka 1843, ni zuri lakini usimalizie siku yako yote humo. Mimi ningekaa zaidi kwenye magofu ya monasteri ya Wafransisko, ya karne ya 15. Paa limekwisha, kuta zimesimama, na katikati ya ua umeota mti mkongwe uliozipita kuta kwa urefu, shina lake limejisokota kama kamba ya jahazi. Ukiingia pale chini yake, hata mchana panakuwa na giza.

Mvua itanyesha. Usipange safari kwa kuikwepa, maana hutatoka chumbani. Chukua koti la mvua lenye kofia na viatu visivyopitisha maji. Mwavuli uache, upepo wa ziwani utaugeuza nje ndani. Tena ikinyesha usiku kucha, asubuhi nenda maporomoko ya Torc. Kimo chake ni mita 20 tu hivi, lakini siku kama hiyo yananguruma utayasikia kabla hujayaona.

Siku ya pili iwe ya Gap of Dunloe, na hapa ndipo utumie pesa yako. Asubuhi unapelekwa kwa gari hadi Kate Kearney's Cottage, kisha unatembea kilomita 11 hivi kwenye bonde jembamba, milima huku na huku. Upande wa magharibi ni safu yenye Carrauntoohil, mlima mrefu kuliko yote Ireland, mita 1,038. Mwisho wa njia kuna gati la Lord Brandon's Cottage, na boti ya wazi inakurudisha mjini kupitia maziwa yote matatu hadi ngome ya Ross. Maji yakipungua, mnaweza kushushwa kwenye daraja la zamani, mtembee kando wakati nahodha anaivusha boti peke yake kwenye mawe.

Boti hiyo uiwekee nafasi siku moja kabla, na uulize saa ya kuondoka. Beba chakula. Ukichelewa ukaikosa, barabara ya kurudi mjini ni ndefu, na upande ule usitegemee basi.