Maswali na Majibu: Kumlea Mchezaji Chipukizi wa Besiboli

Kocha, sisi ni familia kutoka Bukavu na sasa tunaishi Dallas, Marekani. Mwanangu wa miaka 11 ni mrushaji tegemeo (anayemtupia mpigaji mpira) wa timu ya mtaani kwetu, na mwisho wa wiki huirushia timu nyingine inayosafiri kwenda mashindanoni. Siku hizi hushika kiwiko baada ya kila mchezo, lakini kocha wake anasema ni uchovu tu. Tufanye nini?

Mzuieni kurusha kuanzia leo, na mpelekeni kwa daktari wa mifupa ya watoto au wa majeraha ya michezo kabla hajarudi uwanjani. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna gegedu ambako mfupa unaendelea kurefuka, na gegedu hilo ni dhaifu kuliko kano zinazolivuta kila mara mkono unaporusha kwa nguvu. Likivutwa mfululizo bila mapumziko hupata madhara, na mara nyingi maumivu huanzia upande wa ndani wa kiwiko. Tatizo likigunduliwa mapema, tiba kubwa huwa ni kupumzisha mkono. Likipuuzwa, huweza kumfuata mtoto hadi utu uzima.

Neno «uchovu tu» linanisikitisha kwa sababu uchovu ndio onyo lenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na watafiti wa Birmingham, Alabama, uliwalinganisha vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao ambao hawakuumia. Waliokuwa na mazoea ya kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa katika kundi la waliopasuliwa, na waliorusha mashindanoni zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa nao mara 5 zaidi.

Kanuni za Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, zinamruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha mipira isiyozidi 85 kwa siku. Akirusha 66 au zaidi anastahili siku 4 za mapumziko. Akirusha kati ya 51 na 65 anastahili siku 3. Kati ya 36 na 50, siku 2. Na kati ya 21 na 35, siku moja. Kanuni hizi ni nzuri, lakini zina mwanya, na nadhani mwanao amepita hapo hapo: kila timu huhesabu mipira yake peke yake. Mtoto akirusha mipira 60 siku ya Alhamisi kwa timu ya mtaani, kisha 60 mingine siku ya Jumamosi kwa timu ya pili, madaftari yote mawili yatakuwa safi, ilhali mkono ni mmoja na haukupata zile siku 3. Kwa hiyo daftari la kweli linapaswa kuwa mikononi mwako wewe mzazi, nawe uwaonyeshe makocha wote wawili kabla ya mchezo kuanza. Kocha atakayekataa kulitazama hafai kukabidhiwa mtoto, hata kama timu yake inashinda vikombe. Hakikisha pia kwamba siku anayorusha hachezi kama mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kwa kuwa mdakaji naye hurudisha mpira kwa mrushaji mara nyingi mno. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu ya Marekani pamoja na shirikisho la besiboli la nchi hiyo, unapendekeza mtoto apumzike kurusha kwa jumla ya miezi 4 kila mwaka, na miezi 2 au 3 kati ya hiyo ifuatane.

Ni umri gani unafaa kumfundisha mtoto mpira wa kupinda?

Si kabla ya miaka 13, na hata akifika umri huo, kwanza awe ameumudu mpira wa kasi na ule wa kupunguza kasi, kiasi cha kuupeleka anapotaka. Mtoto wa miaka 10 anayepindisha mpira huwashinda wenzake kwa urahisi kwa sababu bado hawajui kuupiga, na ushindi huo humfanya aache kujifunza mambo ya msingi.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, Dar es Salaam. Nina wanafunzi 40, glavu 3 na gongo moja la kupigia. Je, inawezekana kuanza?

Inawezekana, Mwalimu, na ungekosea ukisubiri vifaa vitimie. Anza na mipira ya tenisi, ambayo inadakwa bila glavu na haimtii mtoto hofu. Mtoto aliyegongwa usoni na mpira mgumu katika wiki ya kwanza hujifunza kufumba macho, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuondoka. Wagawe katika vikundi vya wanne wanne ili kila mmoja ashike mpira mara nyingi, kwa maana mstari wa watoto 40 wanaosubiri zamu haumfundishi mtu kitu. Wasichana waliozoea kucheza rede tayari wanajua kulenga na kukwepa, basi watumie waonyeshe wengine.

Katika kurusha, sahihisha miguu kabla ya mkono: mguu wa mbele uelekee shabaha, kiuno kigeuke kwanza, bega lifuate, na mkono uje mwisho. Anayetumia mkono tu ndiye anayeumia. Kwa kupiga, simamisha kigingi kinachofika kiunoni, weka mpira juu yake, na wengine wote wakae mbali na anayezungusha gongo, kwa sababu ajali nyingi za mazoezini hutokea hapo. Besi, yaani vituo ambavyo mchezaji hukimbilia baada ya kupiga, zinaweza kuwa magunia. Kwa watoto wasiozidi miaka 12 zitenganishe kwa mita 18 na sentimita 29, na mrushaji asimame mita 14 kutoka kwa mpigaji. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba usimfunge mtoto katika nafasi moja. Mfupi wa leo anaweza kuwa mrefu baada ya miaka mitatu, na aliyedaka, akarusha na kulinda besi zote ataelewa nafasi yoyote atakayopangiwa. Ukiweza, wapeleke pia wakautazame uwanja wa besiboli ulioko Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani.

Nina miaka 16, niko Kampala, nami ni mrushaji. Nifanye nini ili nionekane na timu za Marekani?

Njia ipo, na vijana wa Uganda wamekwisha kuipita: Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma akasaini na Pittsburgh Pirates mwaka uliofuata. Hata hivyo, kusaini ni mwanzo tu wa safari. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini mwaka 2008, lakini alicheza mchezo wake wa kwanza katika ligi kuu mwezi Aprili 2017, akiwa wa kwanza kutoka bara la Afrika kufika huko. Kwa hiyo usiache shule.

Shughulikia nyaraka zako mapema. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilipata haki ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya Little League, lakini ikanyimwa viza kwa sababu ya kasoro za nyaraka zilizohusu umri. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ndiyo iliyokwenda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika. Jina na tarehe ya kuzaliwa vilingane katika cheti cha kuzaliwa, pasipoti na rekodi za shule. Kisha jirekodi video fupi ukionekana mwili mzima, mara moja kutoka ubavuni na mara moja kutoka nyuma, ukirusha mipira michache kwa mwendo wako wa kawaida. Usiirekodi katika miezi ya mapumziko, wala siku ambayo mkono umechoka.