Rili inayolia: tafuta sauti inatoka wapi kabla hujashika grisi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia) saizi 4000, ina miezi minane, unavulia kwenye mawe ya Kigamboni. Ukivuta samaki inalia kwii-kwii, ukizungusha nyumbani bila mzigo iko kimya. Mmoja kakwambia uijaze grisi, mwingine kasema giya zimekwisha, nunua mpya. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mawili kwanza. Yangu ni ya aina hiyohiyo, inaingia mwaka wa saba, na ilianza kulia hivyohivyo.

Kulia wakati wa mzigo tu ni dalili kubwa. Giya iliyoliwa hata kabla hujaisikia unaihisi mkononi: inakwaruza kama kuna mchanga ndani, na inakwaruza hata kama hujavuta kitu. Mlio mwembamba unaokuja pale mshipi unapokaza mara nyingi unatoka kwenye rola, kile kigurudumu kidogo pembeni mwa beli (ule waya unaoufungua ukirusha mshipi) ambacho mshipi unapinda juu yake kabla ya kuingia kwenye spuli, pale unapokunjwa. Bila mzigo mshipi unakigusa kwa mbali tu. Samaki akivuta, uzito wote unakilalia. Ndani yake kuna beringi ndogo kuliko kifungo cha shati, na hiyo ndiyo inayonyweshwa maji ya chumvi kila unaporudisha chambo, maana mshipi unakuja nayo.

Kuhakikisha ni rahisi. Chukua maka peni, weka nukta moja kwenye rola. Mpe mtu ashike mshipi hatua kumi mbele yako, aukaze, awe anakuja polepole huku wewe unazungusha. Macho kwenye nukta. Ikizunguka, rola ni nzima, tutafute kwingine. Ikibaki palepale huku mshipi unateleza juu yake, umeshampata mwizi.

Mimi niliupuuza mlio huo msimu mzima wa kusi, nikijiambia ni kelele tu. Siku moja nikapata kolekole mzuri, mkubwa kuliko wote niliowahi kuwashika kutoka ufukweni, na mshipi ukakatika. Haukukatika kwenye fundo wala kwenye mwamba. Ulikatikia karibu na fimbo, na ncha yake ilikuwa imechanuka kama mswaki. Nyumbani nikapitisha ukucha kwenye rola nikahisi mfereji. Rola ilikuwa imegoma siku nyingi, na mshipi wa kusokotwa ulikuwa unaikereza kama msumeno. Samaki yule bado ananiuma, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kuifungua si kazi ya fundi. Rola inashikwa na skrubu moja tu. Tafuta bisibisi inayoingia sawasawa, kwa sababu skrubu yenyewe ni laini na ikishaliwa kichwa utahangaika. Mimi natumia trei tupu ya mayai: kila kinachotoka kinaingia shimo lake kwa mpangilio, skrubu, wosha, rola, beringi, kale kabushi ka plastiki. Piga picha kila hatua. Wosha moja ikigeuzwa upande, rola inabanwa na mlio unarudi palepale.

Nilipofungua yangu beringi ilikuwa na unga mweupe wa chumvi pembeni na kutu ya kahawia katikati. Niliiloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, nikaikausha, nikaivisha kwenye kijiti cha kiberiti na kuisukuma kwa kidole. Ilizunguka kwa kusitasita, ikigota mahali pamoja. Beringi ikifika hapo haiponi, itupe. Kama yako itazunguka bila kugota, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Usitumie mafuta ya nazi, yanaganda na kunata. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu ni nzuri kwa kusafishia tu. Inaondoa grisi iliyokuwepo, kisha yenyewe inakauka, na baada ya wiki chache sauti inarudi na kutu juu yake.

Pima beringi kabla ya kwenda Kariakoo. Yangu ilikuwa tundu milimita 4, upana wa nje 7, unene 2.5. Beringi hiyo huandikwa MR74. Ikitanguliwa na herufi S ni ya chuma cha pua, na hiyo ndiyo ya baharini. Ikimalizikia na 2RS ina mpira pande zote mbili, ZZ ina kifuniko cha bati. Kwenye rola chukua ya mpira. Na kabla hujatoa hela, fungua kishikio cha hendeli: kwenye yangu kulikuwa na beringi mbili za kipimo hichohicho. Nilihamishia moja kwenye rola kwa majaribio, mlio ukakoma pale pale.

Ikiwa nukta yako inazunguka na kelele bado ipo, hesabu. Kwenye rili pameandikwa namba kama 5.2:1, yaani hendeli ikizunguka mara moja rota, ile sehemu iliyobeba beli, inazunguka mara tano na kidogo. Ukisikia "tak" moja kila mzunguko wa hendeli, shida iko kwenye giya kubwa, beringi zake, au hendeli yenyewe imelegea (ikaze kwanza!). Ukisikia tano au sita, ni upande wa rota na pinioni (giya ndogo inayoizungusha). Toa pia spuli uangalie chini yake, mshipi uliojiviringisha kwenye shafti iliyobeba spuli unakwaruza vibaya na watu huhangaika bure.

Kuhusu kujaza grisi. Chini ya rota kuna klachi inayozuia hendeli isirudi nyuma. Ndani yake ni viringi vyembamba vinavyotakiwa kubana ghafla. Vikipata grisi nzito vinateleza. Niliwahi kuipaka, na nikiwa kwenye ngalawa hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu na kunigonga vidole. Pale ni mafuta mepesi, tena kidogo mno. Grisi isiyoingiza maji ipake kwenye meno ya giya, kiasi cha kufunika tu. Nati ya rota kwenye rili nyingine hufunguka kinyume, kwa hiyo ikigoma usiilazimishe.

Ukirudi baharini, kaza breki (ile inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu) kabla ya kuosha ili maji yasiingie kwenye wosha zake, kisha mwagia maji baridi ya bomba kama mvua ya rasharasha. Usiloweke kwenye ndoo wala kupiga kwa mpira wenye presha, unaisukuma chumvi ndani. Pangusa, kausha kivulini, halafu legeza breki mpaka mwisho kabla ya kuihifadhi.

Fanya kwanza jaribio la nukta, mkuu, leo jioni kama una nafasi. Ukifungua rola niwekee hapa picha ya beringi na vipimo vyake, nami nitakwambia kama ni ya kuosha au ya kubadilisha.