Mkuu wa Kasulu, usichome hizo nakala 60 za DVD kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Weka hizo diski chini.

Umesema una video ya send-off ya dada yako, umefungua folda ukaipa jina SENDOFF_KASULU, ndani yake ndiyo kuna VIDEO_TS, ile folda yenye filamu ya DVD, na sasa unataka kuikokota folda nzima uichome mara 60 ugawie ndugu kuanzia Kasulu mpaka Ujiji. Halafu ukauliza diski za aina gani, menyu inawekwaje, kava zichapishwe wapi na kila nakala uuze shilingi ngapi. Ukamalizia na maneno haya: "nimejaribu kwenye kompyuta inacheza vizuri tu." Hapo ndipo chai iliponipalia.

Kompyuta si shahidi! Kompyuta yenye VLC, ile programu ya kuchezea video, inacheza chochote utakachoipa, hata faili lililokatika mkia. Baba yako mdogo kijijini hana VLC. Ana deki aliyoinunua zamani, rimoti imefungwa mpira, na hiyo ndiyo itakayokuhukumu.

Mimi niko Tabora, harusi nimepiga nyingi. Na hicho unachotaka kufanya nilikifanya, kwa kazi ya Urambo. Malipo ya tumbaku yalikuwa yametoka, harusi zinafuatana, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kwenye picha za pasipoti nikaingia kwenye video. Mjini kulikuwa na bwana mmoja wa stationari, kila mtu anamwita fundi, nikamlipa anifundishe kuchoma. Somo lake lote lilikuwa hili: "Dogo, DVD ni folda tu. Ikisoma kwenye kompyuta, inasoma popote." Hela yangu akala, na soda nikamnunulia. Mpaka leo nikipita dukani kwake ananisalimia kwa bashasha kabisa, na mimi namjibu, sijui kwa nini.

Basi nikafungua folda yenye jina la bwana na bibi harusi, nikaitumbukiza VIDEO_TS ndani, nikachoma kifurushi kizima cha diski kama data, yaani kama mafaili ya kawaida tu. Zote nikazijaribu kwenye kompyuta. Nikapanda basi.

Urambo sebule imejaa. Baba wa bibi harusi yuko kiti cha mbele, wajomba, mashangazi, watoto sakafuni, jenereta inanguruma nje. Diski ikaingia. Deki ikazungusha, ikakwaruza, ikazungusha tena, ikaandika NO DISC. Tukaitoa. Shangazi mmoja akaipangusa kwa pindo la khanga, taratibu, kutoka katikati kwenda nje, kumbe anajua kuliko mpiga video. NO DISC. Tukaweka nakala nyingine, yale yale. Wakasema deki mbovu, kijana akatumwa kwa jirani, ikaletwa nyingine imebebwa kama mtoto. Hiyo ndiyo kabisa: ilikaa na neno Loading mpaka watoto wakaanza kutoka nje mmoja mmoja. Mzee hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, harusi yetu umeipeleka wapi?"

Bora angenitukana.

Nilizirudia zote kwa hela yangu, maana DVD-R ikishachomwa haifutiki. Nikakatwa malipo, nikalipa nauli upya, na kazi mbili za ukoo ule ule zikaenda kwa mtu mwingine. Zile diski mbovu nilizitundika kwenye shamba la mpunga la mama. Ndege wanaziogopa sana, kwa hiyo siwezi kusema hazikufanya kazi. Chekeni tu, mimi nilishamaliza kulia.

Sasa sikiliza sababu. Deki haitafuti video yako humo ndani. Ni kama mgeni aliyeambiwa "nyumba ya kwanza ukishuka stendi": asipoikuta anageuza. Inafungua diski, inataka ikute VIDEO_TS pale mwanzo kabisa, kwa herufi kubwa, isiyo ndani ya folda yoyote. Humo inatafuta faili moja, VIDEO_TS.IFO, linaloiambia pa kuanzia. Ukishaificha ndani ya SENDOFF_KASULU, kwa deki hiyo hakuna filamu. Wewe ukifungua kwenye kompyuta unaiona kwa sababu wewe una macho na una kipanya cha kubofyia.

Na si folda tu. Hata ukiitoa VIDEO_TS nje, ukiichoma kama data za kawaida bado unacheza kamari. Faili za IFO zimebeba anwani za mahali kila VOB, yaani faili lenye picha na sauti zenyewe, ilipo kwenye diski, kwa hiyo mpangilio una maana: IFO, kisha VOB zake, kisha BUP, ambayo ni nakala ya akiba ya IFO ikiwa diski imekwaruzwa. Programu ikizipanga inavyotaka yenyewe, deki moja itasoma na nyingine itakataa, na utaanza kulaumu diski za Wachina bure. Chagua sehemu ya kuchoma DVD ya video, siyo ya data. ImgBurn, programu ya kuchomea, ni ya bure, ukiipa folda ya VIDEO_TS inaitambua, na mipangilio yako ikiwa siyo ya DVD ya video inakuuliza ikurekebishie. Mfumo wa faili unaotakiwa ni ISO 9660 pamoja na UDF 1.02. Ikikuuliza, kubali! Yule fundi wangu alinifundisha kubofya "hapana" kwa kila swali ili kazi iende haraka.

Usibadilishe jina la faili lolote humo. Usiziunganishe VOB ukidhani zimekatika kwa bahati mbaya. Hazitakiwi kuzidi GB 1 kila moja, ndiyo maana filamu ndefu inagawanywa VTS_01_1, VTS_01_2 na kuendelea. Folda ya AUDIO_TS iweke hata kama haina kitu, kuna deki za zamani zinazonuna zisipoiona.

Na huyo aliyekujibu hapo juu kwamba chukua MP4 ubadilishe mwisho wa jina iwe VOB, sijui nimwambieje. Ndugu yangu, ukimvalisha mbuzi kanzu haswalishi. Ndani ya VOB deki inataka MPEG-2, kwetu huku mfumo wa TV wa PAL, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, sauti AC-3 au PCM ya kHz 48. Video ya simu siyo hiyo, lazima igeuzwe. Programu ya DVDStyler inageuza na kupanga folda yenyewe, na ni ya bure pia.

Ukubwa: diski imeandikwa GB 4.7 lakini kompyuta itakuonyesha 4.37, hujaibiwa, ni hesabu tofauti. Saa mbili zinaingia vizuri kwa kama megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Ukibana sherehe nzima ya saa nne kwenye diski moja, keki itaonekana matofali. Na usijifanye unapenda ubora ukaipandisha mpaka megabiti 9.8 kwa sababu ndiyo kikomo cha picha. Deki kuukuu ikikutana na diski ya kuchoma yenye mwendo huo inakwamakwama. Ishia 7.

Diski chukua DVD-R, deki za zamani huipokea kirahisi kuliko DVD+R. RW, zile za kufuta na kuchoma tena, usiguse. Mwendo wa kuchoma 4x au 8x, uifunge diski mwishoni (Finalize) isiachwe wazi, na stika za karatasi juu yake hapana.

Lakini hata ukisahau yote hayo, hili moja usilisahau: unachoma MOJA. Unaipeleka kwenye deki kongwe na korofi kuliko zote mtaani kwako, siyo ile mpya ya sebuleni kwenu. Unaangalia mwanzo, katikati na dakika za mwisho kabisa, kwa sababu diski inachomwa kutoka ndani kwenda nje, na makosa hupenda kujificha ukingoni, hapo hapo kwenye keki na zawadi za mama mzazi. Hujaangalia mwisho, hujajaribu.

Hapo Kasulu hakosekani fundi redio mwenye deki za watu zilizoachwa mwaka na mwaka. Mpe hela ya soda, mwambie akutolee ile anayoitukana kila siku. Ikisoma mpaka mwisho, endelea na zilizobaki. Ikikataa, piga picha yaliyomo kwenye diski uiweke hapa tuangalie. Ila nikikuta VIDEO_TS bado imelala ndani ya SENDOFF_KASULU, mimi simo.